Kwa nini kila riwaya ya mapenzi ya siku hizi lazima waachane ikibaki robo kitabu kiishe?

#1 Kitabu_Mkononi
Wakuu habari. Niende moja kwa moja maana hili jambo limenikaa rohoni tangu juzi.

Mi ni msomaji wa riwaya za mapenzi, zile za Kiingereza za miaka hii ya karibuni, nasoma kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya Mbagala na usiku watoto wakishalala. Ile programu ya kusomea inakuonyesha umefika asilimia ngapi. Sasa mwaka huu nikaamua kuandika kwenye daftari, kila kitabu wanabusiana asilimia ngapi na wanaachana asilimia ngapi. Nimefika vitabu 11. Katika 9 wameachana kati ya asilimia 74 na 83. TISA. Siku hizi nikiona 70 imefika na wote wawili wana furaha wanapika pamoja jikoni tumbo linaanza kunikata kama nimeona simu ya mwenye nyumba inaita.

Na sababu zenyewe sasa! Mtu kasikia nusu ya maongezi mlangoni. Mtu kapata kazi mji mwingine akaamua kimoyomoyo kwamba mwenzie hatataka kuhama, wala hajamuuliza. Mtu anamwacha mwenzie "kwa sababu anampenda sana". Watu wana miaka 32, wana bima ya afya, wana mshauri nasaha wa kila Alhamisi, wanashindwa kupiga simu ya dakika mbili.

Nani kawaambia waandishi kwamba ni lazima? Ni soko, ni uvivu, au ndo mapenzi yalivyo na mi ndo sijui?

#2 Mchumia_Juani
Nakaa hapa na karanga zangu.

#3 MamaKulwa
Nyie mnasoma za asilimia mna raha. Sisi wa simulizi za WhatsApp tunalipia kwa M-Pesa unaingizwa kwenye grupu unatupiwa sehemu tatu kwa wiki, hujui mwisho uko wapi, hata mwandishi hajui. Niko sehemu ya 61, wameshaoana, wameshapata mtoto, mama mkwe kashindwa na uchawi wake, na bado msimuliaji anasema "itaendelea". Wataachana tu, naona dalili, jana mume kasafiri.

#4 Ticha_Chaki
Mtoa mada umenigusa penyewe. Nafundisha fasihi kidato cha tano na sita, nikasema ngoja nipime kwa bibi wa hawa wote. *Pride and Prejudice* ya Jane Austen, 1813, ina sura 61. Darcy anamposa Elizabeth mara ya kwanza na kukataliwa sura ya 34, hiyo ni kama asilimia 56. Halafu barua ya kwamba Lydia, mdogo wake Elizabeth, katoroka na Wickham inafika sura ya 46. Gawanya mwenyewe, 46 kwa 61. Ni asilimia 75.

Kwa hiyo dada daftari lako ni sahihi, ila ugonjwa una miaka 200 na ushee.

#5 Kitabu_Mkononi
Ticha umeniua 😂😂 ila subiri. Pale kwa Austen kilichowatenganisha ni JAMBO. Mdogo mtu katoroka na mwanaume bila ndoa, enzi zile ukoo mzima umechafuka, dada zake wote soko limekufa. Elizabeth ana haki ya kuamini kwamba ndo basi tena. Hawa wangu wanaachana kwa sababu mmoja hakujibu meseji.

#6 FundiSinema
Hilo limetoka kwenye sinema wakuu wala msihangaike. Kila muswada wa filamu ya Marekani una ile sehemu ambapo kila kitu kinaharibika kabla ya mwisho, shujaa ananyeshewa na mvua, muziki wa huzuni, halafu anakimbilia uwanja wa ndege. Waandishi wa sasa wanaandika huku wanawaza mkataba wa filamu. Ndo maana huku kwetu pia kila filamu ya mapenzi lazima mtu alie barabarani na suti.

#7 Mhariri_Mstaafu
Namheshimu FundiSinema ila kuna maelezo ya karibu zaidi. Mwaka 2016 Gwen Hayes alitoa kijitabu cha mwongozo kinaitwa *Romancing the Beat*, waandishi wengi sana wa mapenzi wanacho mezani. Kimegawa hadithi mafungu manne: kuwatambulisha, kupendana, kurudi nyuma, kupigania penzi. Kuachana kunakaa mwisho wa fungu la tatu. Mafungu manne, la tatu linaisha wapi? Asilimia 75. Daftari la mtoa mada linapima mwongozo tu, halipimi mapenzi.

Simsemi vibaya mama wa watu, kijitabu ni kizuri na kifupi. Shida ni mtu anayekipika kama mapishi ya boksi.

#8 Inama_254
Wasalimu kutoka Nairobi. Mhariri nakupinga kidogo. 2016 ni jana. Sisi tulisoma Mills & Boon bwenini, tukificha ndani ya Atlasi wakati wa masomo ya jioni, kitabu kimoja kinapita kwa wasichana 40 hadi kinafika kwako bila jalada na kurasa za utamu zimechanika aki. Na hata hizo za zamani ilikuwa tu hivyo! Msichana anaona jamaa na mrembo wa nywele ndefu kwa mkahawa, anapanda ndege anarudi kwao, kumbe mrembo ni dada yake ama mke wa marehemu kaka yake. Kila siku ni dada yake. Hakuna hata siku moja ilikuwa kweli ni mpango wa kando.

Kwa hivyo huyo Gwen aliandika tu kile kilikuwa.

#9 Kichwa_Ngumu
Mills & Boon ni kampuni ya Marekani ya miaka ya 50 kama sikosei, ndo walioanza haya mambo yote ya kufundisha wanawake ndoto

#10 Babu_wa_Samora
Unakosea Kichwa Ngumu. Ni ya London, imeanzishwa 1908 na bwana Mills na bwana Boon, na mwanzoni walikuwa wanachapa kila kitu, mapenzi waliyakazania baadaye. Harlequin ya Canada ikainunua 1971. Na tangu 2014 Harlequin yenyewe iko chini ya HarperCollins. Mimi nimeuza vitabu vya mtumba miaka mingi, vile vijitabu vyembamba vilikuwa vinaisha kabla sijamaliza kutandika turubai. Waliokuwa wananunua kwa kujificha ni wanaume.

#11 Mchumia_Juani
Babu "wanaume" unamaanisha nani hasa, tutajie 😂

#12 Babu_wa_Samora
Siri ya biashara.

#13 Dalali_wa_Hadithi
Mnazunguka sana, fuateni hela. Ile huduma ya Amazon ya kulipia kwa mwezi usome upendavyo, Kindle Unlimited, tangu Julai 2015 inamlipa mwandishi kwa kurasa zilizosomwa, sio kwa kitabu kilichochukuliwa. Sasa ukiwa mwandishi, wapenzi wako wameelewana ukurasa wa 220, kwa nini msomaji aendelee? Unawaachanisha. Msomaji anakimbia kurasa 80 nyingine usiku huohuo kuhakikisha wanarudiana. Kila ukurasa una senti zake. Ni kamchezo kalekale ka MamaKulwa na sehemu yake ya 61, yeye analipa kwa M-Pesa mzungu analipa kwa kadi.

Na kabla ya WhatsApp ilikuwa magazeti, mnakumbuka hadithi za Eric Shigongo kwenye magazeti ya Global? Ulikuwa unanunua gazeti zima kwa ajili ya safu moja, inakata mtu kashika kitasa cha mlango.

#14 Kitabu_Mkononi
Dalali hoja yako tamu ila haifungi. Katika vile 9 kuna vya Emily Henry, na huyo vitabu vyake vinatoka kwa kampuni kubwa, haviko kwenye huo mfuko wa kulipwa kwa kurasa. Unanunua kizima kwa bei inayouma. Mchapishaji keshapata hela yake hata ukiishia ukurasa wa 10. Kwa nini na yeye awaachanishe?

#15 ShangaziWaMtandao
Mwanangu hapo kwa Emily Henry tusikurupuke. *Happy Place* ya 2023 umeisoma? Harriet na Wyn wameachana KABLA ya ukurasa wa kwanza, miezi mitano iliyopita, na marafiki zao hawajui, inabidi waigize wapenzi wiki nzima kwenye nyumba ya mapumziko kule Maine. Mwandishi kaweka kuachana mwanzo kabisa. Mimi nililia kwenye basi la mkoani hadi konda akaniuliza shangazi umefiwa.

Na *Funny Story* ya 2024, yule dada wa maktaba kaachwa na mchumba aliyegundua anampenda rafiki yake wa utotoni, akaishia kupanga nyumba moja na mwanaume aliyeachwa na huyohuyo rafiki. Wawili walioachwa chini ya paa moja. Hapo napo kuachana ndo mlango wa kuingilia.

#16 Kitabu_Mkononi
Shangazi nimezisoma zote mbili. Lakini sema ukweli wa Mungu, kule mwishoni kwenye *Funny Story* hawakupigana kimya tena?

#17 ShangaziWaMtandao
…Walipigana kimya.

#18 Mchumia_Juani
😂😂😂😂 shangazi kapokonywa pointi mchana kweupe

#19 Pangani_Boy
Wakuu, mi vitabu hivyo sisomi, anasoma mke wangu, nimeingia kwenye uzi kwa bahati mbaya. Ila hapo kwenye "mtu kasikia nusu ya maongezi mlangoni" mnaposema ni ujinga wa waandishi naomba nitoe ushuhuda.

Ilikuwa zimebaki wiki tatu nifunge ndoa. Kadi za michango zimeshasambazwa, kamati imeshakaa vikao sita, ukumbi tumetanguliza nusu. Siku hiyo nipo nyumbani kwa kaka naongea na mweka hazina kwenye simu, namwambia hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Huyu nimeshamlipia vya kutosha, ananichosha, kila siku ana madai mapya, nikipata mwingine wa bei nafuu hata kesho namwacha." Mchumba alikuwa anaingia uani. Akasikia. Akageuka. Mi sina habari. Jioni napiga simu haipatikani, kesho yake naambiwa yuko Morogoro kwa mama yake mdogo na hataki kuniona.

Nilikuwa naongelea MC.

Siku nne. Siku nne nzima nahangaika na Kiswahili chetu hiki, "huyu" anaweza kuwa mwanamke, mwanaume, MC, au ng'ombe. Aliyetusuluhisha ni mweka hazina mwenyewe, alipanda basi hadi Moro akiwa na daftari la michango, akamwambia shemeji, hapa kuna majina ya watu zaidi ya mia wameshalipa, naomba umsikilize huyu mjinga dakika tano.

#20 Kitabu_Mkononi
Nimecheka hadi mtoto kaamka. Ila kaka naomba kuuliza kitaalamu: kutoka siku mmeanza uchumba hadi harusi ilikuwa muda gani?

#21 Pangani_Boy
Kama miezi mitano.

#22 Ticha_Chaki
Wiki tatu kati ya miezi mitano. Wameachana asilimia 86. Amechelewa kidogo kuliko vitabu.

#23 Mchumia_Juani
MC mlimchukua nani mwishowe

#24 Pangani_Boy
Yuleyule wa bei ghali. Mke alisema ndo fidia yake.

#25 Mhariri_Mstaafu
Kisa cha Pangani Boy ni kizuri kuliko riwaya tatu za mwaka huu, na mtazame kwa nini. Kwanza lugha yenyewe ndiyo imesababisha, kwa Kiingereza asingekwama maana "he" na "she" zingemwokoa. Pili waliowarudisha si wao wawili, ni kamati. Hawa wa vitabuni hawana kamati. Hawana shangazi wa kuwaita kikao. Wanaachana wawili peke yao na wanatakiwa warudiane wawili peke yao, ndipo mwandishi anaishia kumkimbiza mtu uwanja wa ndege.

#26 BintiMakunduchi
Asalam alaykum. Mie nilikuwa nasoma kimya ila hapo pa Mhariri naomba niongeze.

Naona wenzetu wamekosa kizuizi. Zamani hadithi ya mapenzi ilikuwa na baba mkali, mahari, vita, tofauti ya daraja. Someni *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, ile ya 1976, mapenzi ya Rehema na Sulubu yamezungukwa na ardhi, urithi, nasaba, mwandishi hana haja ya kubuni ugomvi wa meseji, dunia nzima inawagombeza. Sasa msichana wa New York ana kazi yake, nyumba yake, akimpenda mtu hakuna wa kumzuia. Kilichobaki cha kumzuia ni kichwa chake mwenyewe. Ndio maana hizi riwaya zote mwishoni mtu anagundua ana jeraha la utotoni. Kizuizi kimehamia ndani.

Kwetu bado kiko nje. Mie nilipendana na mtu miaka minne, dini mbalimbali. Hatukugombana hata siku moja. Tulikaa tukazungumza vizuri kabisa, kama hao watu wazima mnaowataka nyie, tukaona kwake hawatakubali na kwetu hawatakubali, na hakuna kati yetu aliye tayari kubadili. Yeye sasa ana watoto wawili. Basi nikisoma hizo riwaya asilimia 75 inapofika mie sichukii. Nazisoma kwa sababu ya ile asilimia 85 inayokuja. Sie haikutufikia.

#27 Kitabu_Mkononi
Pole dada. Sina cha kuongeza hapo.

#28 Inama_254
Pole sana Binti.

#29 Kichwa_Ngumu
Pole bibie. Ila nyuzi kama hizi ndo zinanipa wasiwasi, kama mapenzi ya kweli yanaisha hivyo kwa nini vitabu vyote viishe vizuri? Si ni uongo? Mbona *It Ends with Us* haikuisha kwa wapenzi kubaki pamoja na imeuza dunia nzima mpaka ikawa filamu

#30 ShangaziWaMtandao
Kichwa Ngumu hapo umechanganya kapu. *It Ends with Us* ya Colleen Hoover ya 2016 (filamu 2024) inahusu mke anayepigwa na mumewe, akajifungua mtoto wa kike akaamua kuondoka. Pale kuachana ndio USHINDI. Ukiisoma kama ya mapenzi utabaki unamshangilia mtu wa kupelekwa polisi. Kosa ni la walioipanga rafu moja na vitabu vya kucheka na kuipaka jalada la maua.

Na hili la kuisha vizuri si uongo, ni makubaliano. Chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani, RWA, walishaweka tafsiri yao: mambo mawili tu, hadithi ya mapenzi iwe kiini na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Bila hayo andika unachotaka ila usiite hivyo.

#31 Dalali_wa_Hadithi
Chama chenyewe kiliomba kufilisika 2024 shangazi, mwisho wake haukuwa wa kuridhisha 😅

#32 ShangaziWaMtandao
Kimefilisika chama, makubaliano yako palepale.

#33 Ticha_Chaki
Lakini kauli ya shangazi ndo inafungua fundo. Kama mwisho unajulikana tangu kwenye jalada, mwandishi ana kazi moja ngumu, kukufanya usahau unachokijua. Anahitaji mahali ambapo hata wewe mwenye daftari utasema "hapana hawa sasa basi". Akiweka kuachana mapema sana utasahau, akiweka ukurasa wa mwisho hana nafasi ya kuwarudisha. Inabaki robo. Ni kama mpira, bao la kusawazisha likija dakika ya 75 uwanja unasimama, dakika ya 12 watu bado wanatafuta viti.

#34 Kitabu_Mkononi
Ticha mpira sawa. Ila bao lifungwe na mchezaji, sio kipa ajifunge kila mechi kwa staili ileile.

#35 Mchumia_Juani
Hiyo naiandika ukutani

#36 Njiti_ya_Kibiriti
Mmesahau chanzo kingine: vitabu vingi vya sasa vilianza kama hadithi za mashabiki mtandaoni. *The Love Hypothesis* ya Ali Hazelwood (2021) ilianza kama hadithi ya mashabiki wa Star Wars, halafu wakabadilishwa majina, ikawa mwanafunzi wa uzamivu wa baiolojia pale Stanford na profesa mnuno wanaigiza uchumba. Hadithi za hivyo zinapandishwa sura kwa sura, wasomaji wanakomenti palepale "usiwaachanishee!!", na mwandishi akiona kelele anajua hapohapo pananoga. Anazoea.

Na humo pia kuna lile lenu, yule mwanafunzi, Olive, anaambiwa maneno ya vitisho na mwanaume mwingine, anaamua kumficha profesa wake, Adam, "kwa faida yake". Niliirusha simu kitandani. Nikaiokota. Nikamaliza saa tisa usiku.

#37 Kitabu_Mkononi
"Nikaiokota" 😂 ndo maisha yetu yote hapa. Hiyo ni mojawapo ya zile 9.

#38 Babu_wa_Samora
Zile 2 ambazo hawakuachana ni zipi? Watu mmebishana kurasa tatu na hakuna aliyeuliza.

#39 Kitabu_Mkononi
Babu una akili za duka. Moja ni ya mwandishi wa kujichapisha, na ukweli ilinichosha. Wanapendana, wanaelewana, wanaongea kila kitu, kufika asilimia 60 nikawa nasoma huku naangalia TikTok. Naona aibu kusema hivi baada ya kelele zote nilizopiga juu.

Nyingine ni *Before I Let Go* ya Kennedy Ryan, 2022. Hiyo sijui niihesabu vipi. Yasmen na Josiah wameshatalikiana, wana watoto, wana mgahawa Atlanta wanauendesha pamoja, walipoteza mtoto tumboni na walipoteza shangazi aliyekuwa mlezi, na Yasmen akazama kwenye sonona. Ina ugomvi, ina machozi, ila kila kitu kinachowatenganisha kilikuwepo tangu sura ya kwanza na kilikuwa na uzito wa msiba. Wanakwenda kwa mshauri nasaha na inaonekana wanafanya kazi kweli, sio pambo. Sikuona mahali mwandishi alipochomeka kijiti kwenye gurudumu. Nilipomaliza nikampigia mume wangu simu kazini kumuuliza kama amekula.

#40 Njiti_ya_Kibiriti
Akasemaje

#41 Kitabu_Mkononi
Akauliza nimevunja nini.

#42 FundiSinema
Kwaiyo tumerudi kulekule, kosa si kuachana, kosa ni sababu.

#43 Inama_254
Mimi sikubali hiyo "kosa ni sababu". Pangani Boy sababu yake ilikuwa MC na ilikuwa karibu ivunje ndoa kabisa. Sababu za kweli za watu ni ndogo ndogo hivyo. Mimi niliachana na mtu kwa sababu alikula mutura yangu nikiwa nimeenda kuoga. Mutura haikuwa shida, lakini ukiniuliza nitasema ni mutura.

#44 Mhariri_Mstaafu
Na hapo ndipo mwandishi mzuri angekaa. Mutura iandikwe vizuri tangu ukurasa wa 30: alikula chapati yako, akavaa soksi zako, akachukua chaji yako. Ikifika mutura ukurasa wa 280 msomaji mwenyewe anasema ondoka dada.

#45 Inama_254
Aki Mhariri umeniandikia maisha. Soksi ni ukweli.

#46 Kichwa_Ngumu
Mutura ni nini

#47 Inama_254
Utumbo umejazwa nyama na damu inachomwa kwa makaa. Usidharau.

#48 BintiMakunduchi
Hapo nimewaachia wenyewe 😄

#49 Mchumia_Juani
Uzi wa mapenzi umefika kwenye nyama choma, kawaida yetu. Ila mtoa mada tuma PDF ya hiyo ya Atlanta basi

#50 Kitabu_Mkononi
PDF situmi, mwandishi naye ana kamati yake. Nunua au subiri mtu aliyeiazima maktaba aimalize.

Ila hoja ya Inama imenivuruga. Nimerudi kwenye daftari nikaandika safu ya tatu, sababu ya kuachana, nikazisoma zote 9 mfululizo kama mtu anayekagua risiti. Nne kati yake ningeachana hata mimi. Sasa sijui nilikuwa nimekasirikia nini.

#51 Dalali_wa_Hadithi
Umekasirikia asilimia. Ukisoma kitabu cha karatasi usingeijua.

#52 Babu_wa_Samora
Karatasi nayo inajulikana kaka. Unahisi kwa kidole gumba, upande wa kulia umebaki mwembamba. Wateja wangu walikuwa wanapima hivyo wakiwa wamesimama.

#53 MamaKulwa
Samahanini nawakatisha. Sehemu ya 64 imeingia sa hivi. Mume karudi safari, hawajaachana, nilikosea. Kapata ajali ya bodaboda kapoteza kumbukumbu, anamuuliza mkewe "dada we ni nani". Nimelipia hadi ya 80.